Nguo ya Kupokelea Mbuzi

Kule Buleusa watu wote wanajua kwamba Théophile alipasuliwa ngiri. Alisema mwenyewe, akapandisha shati akawaonyesha kovu chini ya kitovu, nao wakatikisa vichwa kwa heshima, maana ngiri ni ugonjwa unaompata mwanamume anayebeba mizigo mizito. Waliojua ukweli pale kijijini walikuwa wawili tu: Benoît, muuguzi wa dispensari, ambaye kazi yake ni kunyamaza, na Joséphine-Marie, mke wa Théophile, ambaye kunyamaza kulifanywa kuwa kazi yake. Watu humwita Mama Wivine kwa jina la binti yake wa mwisho. Habari hii ni ya kwake, na anayetafuta cha kuchekea atafute kwingine.

Ukweli ni kwamba Théophile, mwindaji na mkulima wa muhogo, alikuwa na ugonjwa wa tezi dume, ile ambayo kule huiita prostate kama walivyoisikia kwa madaktari. Kwa muda mrefu alikuwa akisimama nyuma ya migomba akisubiri mkojo kama mtu anayesubiri mgeni asiyefika. Vijana walimwona, wakampa jina ambalo sitaliandika. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kilikuja siku mkojo ulipoziba kabisa, tumbo likajaa, na yule aliyewahi kumsimamia nguruwe wa porini kwa mkuki akawa anagaagaa sakafuni akimwita mama yake aliyekufa zamani. Joséphine-Marie ndiye aliyetafuta pikipiki. Ndiye aliyekaa nyuma akamkumbatia mumewe njia nzima, kupitia Pinga hadi Mweso penye hospitali, na kwenye vizuizi akawaomba wenye bunduki wamhurumie mgonjwa. Wenye bunduki walitaka kwanza waambiwe ni ugonjwa gani, na walipoambiwa walicheka mpaka mmoja akaweka silaha chini. Ndipo wakawapisha.

Daktari alipasua, akatoa kilichokuwa kinaziba, na Théophile akalala siku nyingi na mpira wa mkojo ukining'inia kitandani. Siku ya kuruhusiwa daktari aliwakalisha wote wawili akawaeleza bila haraka. Mkojo utavuja kwa muda, msiogope. Nguvu za kiume zinaweza kulala miezi mingi, na kuna vidonge vya kusaidia kuziamsha. Tena, hata zikiamka, mbegu hazitatoka nje kama zamani. Zitarudi nyuma kwenye kibofu na kutoka baadaye na mkojo. Raha itakuwepo, alisema, ila itakuwa kavu, na hilo si ugonjwa wala si laana. Joséphine-Marie alisikiliza kama mtu anayeelekezwa njia ya msituni. Théophile alikuwa anaangalia dirisha.

Walipokuwa wanasubiri pikipiki ya kurudi, alimwambia mkewe neno moja tu.

"Batu batajua ni hernie, ni ngiri. Siku utasema ingine, utarudia kwenu."

Naye akakubali, kwa sababu alimpenda na kwa sababu kwao hakukuwa tena na nyumba. Vita ilikwisha kuichoma.

Mwaka uliofuata simtakii mwanamke yeyote. Théophile alilowesha mkeka, na mkewe akaufua kabla jirani hajaamka. Alilowesha suruali kanisani, na mkewe akavua kitenge chake cha juu akamfunga kiunoni akisema kwa sauti kwamba Baba Wivine ana homa na anasikia baridi. Shukrani ya punda ni mateke. Nyumbani alimtupia maneno, akamtupia sahani, akamwambia amezeeka vibaya, ndiyo maana mwili wa mumewe haushtuki. Alikuwa amemeza kidonge cha kwanza baada ya kula fufu kubwa ya muhogo na sombe ya majani yake inayoelea kwenye mawese, kisha akakaa kwenye kigoda, mikono kifuani, akingoja nguvu zije zenyewe kama mvua. Mkewe alikuwa nje anapepeta maharagwe. Hakuambiwa hata kwamba kuna kinachongojwa. Hakikuja kitu. Théophile akaamua kwamba dawa ni ya bandia na mke ni mchawi, akamhamishia mkeka jikoni.

Huko jikoni Joséphine-Marie alikuta mwenzake. Solange, mjane kijana aliyekimbia mapigano ya Masisi akiwa na sufuria moja tu mikononi, alikuwa analala pale kwa sababu Joséphine-Marie mwenyewe alimkuta akinyeshewa nje ya kanisa akamleta. Wanawake hao wawili walilala karibu na majiko, na mkubwa alimfunika mdogo kwa kitenge chake.

Dawa zilipokwisha, Théophile alimtuma mkewe kwa Benoît, maana hata kwenda dispensari aliona haya. Benoît akamweleza yeye yote ambayo mgonjwa hakutaka kuyasikia. Kinini hii, alisema akimwonyesha kidonge, haifanyi kazi peke yake. Imezwe kabla ya kula, ingojewe kama saa moja, na mume awe karibu na mke wake, washikane, watamaniane. Dawa inafungua mlango tu, haimsukumi mtu kuingia. Isizidi kimoja kwa siku. Na kila siku akaze misuli ya chini kana kwamba anakata mkojo, kisha alegeze, kisha akaze tena.

Joséphine-Marie akarudi akamfundisha mumewe kama unavyomfundisha mtoto kushika jembe, bila kucheka na bila kumtaja Benoît. Théophile akaanza kukaza misuli hata wakati wa misa, uso umemkunjamana, mpaka katekista akamsifu kwa sala zake. Alimrudisha mkewe chumbani. Mara nyingi hawakufanya lolote ila kulala wakiwa wameshikana mikono, na mkewe akasema hiyo nayo inatosha, na ilikuwa kweli. Kisha mchana mmoja wa mvua, mabati yakipiga kelele na watu wote wakiwa ndani kwao, nguvu zikarudi. Ilikuwa kavu kama daktari alivyosema. Théophile alilia, akamfuta mkewe jasho usoni kwa kiganja chake, akamwambia amemrudisha kati ya watu. Miaka yote ya ndoa hakuwa amewahi kumwambia kitu kizuri kama hicho, na mwanamke yule mjinga, Mungu amsamehe, alifikiri sasa mateso yamekwisha.

Muda si muda wakaja wakwe. Kijana aitwaye Fiston, fundi wa pikipiki wa Pinga, alikuwa anamtaka Wivine, naye Wivine alikuwa amemtaka mapema kidogo kuliko inavyoruhusiwa: alikuwa na mimba changa. Aliyejua ni mama yake peke yake. Mbuzi za mahari zilipofika, zikafungwa nje ya ua, kwa sababu katika ukoo wa Théophile mbuzi za binti haziingii zizini hivi hivi. Baba na mama hulala pamoja usiku ule juu ya nguo mpya nyeupe. Alfajiri shangazi wa binti huichukua nguo, na akiridhika, ndipo mbuzi hufunguliwa. Wasipolala, au baba akiwa hawezi tena, mbuzi hurudi zilikotoka, maana ndoa iliyopokelewa na nyumba iliyokufa, wanasema, itazaa makaburi. Padri hapendi desturi hiyo. Katekista anaijua vizuri, na siku kama hizo hukosi kusikia kwamba amesafiri.

Jioni ile, mbuzi zikilia nje, Joséphine-Marie alimweleza mumewe hofu yake. Nguvu zipo, lakini nguo itakuwa kavu. Alipendekeza wamwambie shangazi mapema, ukweli wote. Théophile akakataa. Basi, mkewe akasema, yeye atachemsha wanga wa muhogo uwe mwepesi, adondoshe kidogo kwenye nguo, ukikauka utaacha alama ngumu kama ile inayotafutwa. Wanawake wengi wenye waume wazee wamefanya hivyo na binti zao wanazaa vizuri tu. Théophile akatuna kifua. Alisema yeye sasa ni mwanamume mzima, hawezi kuwadanganya wakubwa wa ukoo ndani ya nyumba yake, na dada yake hana tabia ya kukunjua nguo. Huichukua ilivyokunjwa, huuliza kwa mdomo, basi.

Wakalala kama mume na mke. Yote yalikwenda sawa. Ninasema hivyo ili mtu asije akaniambia baadaye kwamba kulikuwa na kosa.

Asubuhi, Shangazi Naomie, dada wa Théophile, alifika na wanawake wa ukoo. Ni mwanamke mrefu, mkavu wa sauti, aliyezika waume wawili na kuwasema vibaya wote wawili. Alikuwa amesikia maneno ya vijana kuhusu migomba, akataka kuhakikisha. Aliichukua nguo, na badala ya kuiweka chini ya kwapa akaikunjua pale uani, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza, akaipitishia vidole kutoka upindo hadi upindo.

"Mwanamuke," akasema, "hii nguo iko kavu."

Joséphine-Marie akajibu kwamba walilala pamoja, na Mungu ni shahidi. Naomie akamwambia Mungu hajalala chumbani mle. Hapo Mama Wivine akaomba ruhusa ya kusema na mumewe pembeni, nyuma ya nyumba. Akamsihi waende kwa Benoît, dispensari iko pale pale ng'ambo ya kijito, aje aseme kwa maneno mawili kwamba baada ya upasuaji ule nguo huwa kavu, hata kwa mwanamume mwenye nguvu. Alikuwa anamshika mkono. Théophile akauondoa mkono wake.

"Aje aseme nini? Kama miye njo ule wa kutembea na mupira ya mukojo? Kama nakulaka kinini juu ya kulala na bibi yangu? Benoît asifike hapa."

Akarudi uani mbele yake. Wanawake wakamtazama, Wivine naye alikuwa mlangoni, mikono tumboni. Joséphine-Marie bado alifikiri atasema angalau kitu cha katikati, kwamba wapewe muda, kwamba alikuwa na homa. Alimjua mumewe kwa miaka mingi na bado alifikiri hivyo.

"Miye nilifanya kazi yangu," Théophile akasema. "Kama nguo iko kavu, muulize mwenye kukauka."

Hata Naomie alishtuka kidogo, maana hakuwa amewaza hilo. Lakini lilimfaa. Ndugu yake mzima, mwanamke amekauka: ukoo umepona. Wakubwa waliitwa, wakaketi, wakanywa kasiksi, pombe ya ndizi iliyokuwa imetengenezwa kwa ajili ya sherehe, na wakakumbuka, au walisema wamekumbuka, kwamba zamani mama wa binti akiwa amekauka aliwekwa mwanamke mwingine alale mahali pake, na huyo ndiye aliyekaa kwenye mkeka wa mama siku ya arusi. Bila shaka mwanamke huyo hakurudi tena alikotoka, alibaki nyumbani. Wakwe wakaambiwa wavumilie hadi kesho. Shangazi wa Fiston akanong'ona, kwa sauti ya kutosha kusikika, kwamba kule Kalembe kuna msichana ambaye mama yake hajakauka.

Mwanamke mwenyewe hawakumtafuta mbali. Naomie aliingia jikoni akamtazama Solange kutoka kichwani hadi miguuni, akamgeuza mgongo, akamwambia aende kijitoni akaoge. Solange hakuulizwa kama anataka. Mtu asiye na ndugu haulizwi.

Alasiri Théophile alikuja jikoni. Joséphine-Marie alikuwa anachambua sombe, kwa kuwa wageni lazima wale hata kama mwenye nyumba amekufa, na yeye alikuwa bado hajajua kama amekufa au la. Mumewe alisimama mlangoni, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuazima shoka.

"Unipatie kinini," akasema.

Mkewe ndiye aliyezitunza. Alisimama, akanawa mikono, akatoa kidonge kimoja akakiweka kwenye kiganja chake. Akamkumbusha asile kwanza. Akamkumbusha angoje. Alijisikia anasema maneno hayo na hakujua kwa nini hayakumchoma mdomo. Kisha akamwambia lililobaki.

"Hata kwa yule, nguo itakuwa kavu, Papa Wivine. Haikuwa miye. Unajua."

"Najua," akasema Théophile. Akatazama nje, kuona kama kuna mtu karibu. "Njo maana nimekuja. Umufundishe ile mambo ya muhogo."

Ningependa kuandika kwamba alimwagia maji ya sufuria. Yalikuwa pale, yanachemka, na mkono wake uliyafikia. Lakini kwa mlango wa pili alimwona Wivine ameketi chini na rafiki zake, hacheki, anavuta nyuzi za kitenge chake moja moja, na chini ya kitenge hicho kuna mtoto. Nguo ikiwa kavu mara ya pili, mbuzi zitarudi Pinga, Fiston atapelekwa Kalembe, na Wivine ataketi jikoni huku tumbo likikua mbele ya wale wale vijana wa migombani. Kupiga kelele, kumwita Benoît, kulilia haki yake, kungemwosha yeye na kumzika binti. Ukoo ulitaka nguo, haukutaka maelezo.

Solange alirudi kijitoni nywele zikidondosha maji. Alipiga magoti mbele ya Joséphine-Marie akataka kumshika miguu.

"Mama, sina pa kwenda," akasema.

Joséphine-Marie alimwambia ainuke. Alikuna muhogo, akaukamua kwenye kitambaa, akauacha utulie, akaukoroga juu ya moto mdogo mpaka ukawa laini na wenye uvuguvugu. Akamwonyesha ni kiasi gani, na wapi kwenye nguo, na kwamba kisizidi kwa sababu Naomie ana vidole vya mtu aliyewahi kufanya vivyo hivyo. Akamwambia pia kwamba Baba Wivine huaibika haraka, basi asimcheke, amshike mkono kwanza. Solange alikuwa analia. Joséphine-Marie hakulia, alikuwa anapima wanga kwa kijiko. Ninamwonea huruma Solange vile vile, ingawa kila nifikapo hapa huruma yangu huwa imekwisha kabla ya kumfikia.

Asubuhi Naomie akakunjua nguo uani, akapitisha vidole, akafika mahali, akasimama. Akatabasamu. Akaizungusha ili wakwe waione, na vigelegele vikapaa, mbuzi zikafunguliwa, wanaume wakampiga Théophile mgongoni wakimwita simba. Naye akacheka. Aliwatazama wote usoni isipokuwa mmoja.

"Muliona?" Naomie akawaambia watu. "Ilikuwa mwanamuke."

Desturi inasema kila mwanamke wa ua apige kigelegele, na asiyepiga ana roho mbaya juu ya ndoa. Wakageuka wote kumtazama. Joséphine-Marie akafungua mdomo akapiga, kirefu, mpaka pumzi ikamwishia.

Solange akaketishwa kwenye mkeka wa mama, amevalishwa kitenge kipya, macho chini. Wivine akapiga magoti mbele yake akapokea baraka, maana lazima. Joséphine-Marie alikuwa anapakua chakula. Aliona kila kitu kati ya mabega ya watu, sahani baada ya sahani, na mtu mmoja alilalamika kwamba sombe haina chumvi.

Ilipofika saa ya kuondoka, pikipiki ya Fiston ikiwa inanguruma barabarani, alibeba mfuko wa nguo za binti yake akamfuata. Alitaka kumfunga tu mtandio, na kumwambia asikae vibaya kwenye pikipiki kwa ajili ya mimba. Wivine akasimama kabla ya kufika barabarani, akageuka, akamnyang'anya mfuko mikononi. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kilio cha siku mbili.

"Mama, sema kweli. Ulikuwa unataka nibakie hapa na hii tumbo?"

Nyuma yao watu walikuwa wanaimba. Théophile alikuwa mlangoni, kikombe mkononi, anaangalia upande wao. Neno moja lingetosha, na Joséphine-Marie alikuwa nalo, na binti yake alikuwa na mdomo. Kesho lingekuwa Pinga, na keshokutwa mbuzi zingekuwa njiani kurudi.

"Hapana, mutoto wangu," akasema. "Nilikuwa nataka uolewe."

Wivine akamtazama kidogo, akasema shangazi ndiye anayejua ukweli, akapanda nyuma ya Fiston. Pikipiki ikashuka mteremko kwenda Pinga. Joséphine-Marie alirudi jikoni, kwa sababu vyombo vilikuwa havijaoshwa, na huko akakuta mtu amekwisha kuuleta mkeka wake kutoka chumbani.